Kilio cha Malkia Nyumbani kwa Muuza Ngozi

Nilisoma mpaka darasa la tatu, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Nyumba yangu ya matofali, nje kidogo ya mji wa Busia, niliijenga kwa ngozi za ng'ombe. Nilizinunua mbichi kwa wachinjaji, nikazipaka chumvi, nikaziwamba kwenye miti mpaka zikauke, kisha nikazipeleka Malaba kwa wenye malori. Watu walikuwa wakiziba pua wakipita kwangu. Baadhi yao leo hawana hata ukuta wa kuegemea. Nasema haya mapema ili anayesoma ajue anayeongea ni nani. Si mwalimu, wala si mtu wa vitabu. Lakini nimewahi kuketi katika darasa la chuo kikuu, sehemu kubwa ya mwezi wa Agosti, nikisoma michezo ya kuigiza ya Waingereza wa kale, ya wakati wa panga na wafalme. Hakuna wa rika langu hapa Busia anayeweza kusema hivyo.

Sikwenda kwa kupenda. Nilikwenda kwa sababu ya binti yangu.

Alikuwa kitinda mimba wangu, hajaolewa, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Funyula. Miaka ile ya tisini chuo kikuu kimoja kilikuwa kinaleta masomo mpaka kwetu wakati wa likizo ya Agosti. Kilikodi madarasa ya shule moja ya sekondari mjini, wakaja walimu wa chuo kutoka Nairobi, na walimu wetu wa msingi wakageuka wanafunzi pale huku watoto wanaowafundisha wako nyumbani wakichunga ng'ombe. Ukisoma Agosti tatu na kupita mitihani, unapewa dipuloma, unaachana na kufundisha a-e-i-o-u, unakwenda sekondari. Binti yangu alikuwa amemaliza Agosti mbili, na alikuwa amepita vizuri. Ilibaki moja, na somo la hiyo moja lilikuwa michezo hiyo ya kale.

Kabla haijafika akaanza kukonda. Wenzetu wa ng'ambo, upande wa Uganda, ugonjwa ule waliuita silimu, kwa vile unavyomkondesha mtu. Sisi wa upande huu hatukuuita jina. Tulisema ni kifua, tukasema malaria imerudi, tukasema amerogwa na wenye wivu. Nilimpeleka hospitali ya Nangina, akalazwa, wakamhudumia vizuri, tukarudishwa nyumbani na dawa na maneno ya upole. Mama yake alikuwa ameshatangulia. Nikamweka katika chumba cha mbele, chenye dirisha linaloangalia njia, ili awe anaona watu wakipita.

Siku moja akaniambia, "Baba, huo mtihani nitaufanya."

"Utaufanya, mama." Mimi nilimwita mama kwa sababu alibeba jina la mama yangu.

"Usinijibu vile unavyowajibu watu wa malori, ati ngozi imekauka na bado inadondosha maji."

Tulicheka. Lakini nilimwona vile anavyonitazama. Hakuwa na kitu kingine. Watoto hakuwa nao, mume hakuwa naye, nguvu zilikuwa zinamtoka. Alikuwa na mtihani ule tu, na alitaka aondoke akiwa mwalimu wa sekondari, si mgonjwa wa chumba cha mbele.

Basi nilipanda baiskeli yangu nikaenda mpaka kwenye ile shule kumwona mwalimu wa chuo. Alikuwa kijana tu, ndevu mbili tatu, viatu vya wazi miguuni. Nikamweleza bila kuzunguka. Akafikiri, akaniambia, "Mzee, masomo unaweza kumbebea. Mtihani lazima aje mwenyewe."

"Nitabeba masomo. Na siku ya mtihani nitambeba yeye."

"Kiingereza unasikia, mzee?"

"Nimeuziana na Wahindi, na Wasomali, na Wazungu wawili. Hakuna aliyenipunja."

Akacheka, akanionyesha dawati la nyuma. Lilikuwa dawati la watoto, magoti yakanifika kidevuni. Walimu waliosoma na binti yangu wakageuka kunitazama, na kusema kweli nilikuwa nanuka chumvi na ngozi, hiyo haitoki kwa sabuni. Mmoja wao, jamaa mnene wa kutoka upande wa Angurai, akasema, "Mzee, karibu. Umekuja kununua ngozi zetu?"

"Zenu nyembamba," nikamwambia. "Hazina bei."

Darasa likacheka mpaka mwalimu akagonga meza. Tangu siku hiyo waliniachia nafasi yangu.

Nilichosikia mle sijakisahau. Watu wale wa kale hawakuwa na jumba lenye taa. Walicheza mchana, ndani ya ua mkubwa, juu wazi, mvua ikinyesha inawanyeshea. Maskini walisimama mbele kabisa wakitafuna karanga na kuwapigia kelele wachezaji. Wanawake hawakuruhusiwa kucheza, kwa hiyo malkia alikuwa ni mvulana aliyevalishwa gauni. Mwalimu akaniuliza nasemaje juu ya hilo. Nikasema kijana huyo kwetu angefukuzwa na baba yake. Nikasema pia kwamba wafalme wao hawajui kufa. Mtu amechomwa upanga tumboni, bado anaongea ukurasa mzima. Mimi nimekaa na wachinjaji maisha yangu yote, sijaona anayeongea.

Kila jioni nilirudi, nikanawa, nikaketi kwenye kigoda kando ya kitanda, nikamweleza kila kitu. Kuandika kwangu ni polepole, hivyo nilibeba kichwani, kama ninavyobeba nani amenipa ngozi gani na yenye tobo wapi. Yeye alinisahihisha. Mara nyingine nilikuwa nimebeba upuuzi, akafunga macho akacheka bila sauti. Mara nyingine alinyanyuka kwa kiwiko na kusema, "Hapo, Baba. Rudia hapo." Siku hizo alikula. Nilianza kumwambia ndugu yangu mkubwa kwamba msichana anapata nafuu.

Mchezo waliousoma zaidi ulikuwa wa malkia mjane. Mume amekufa, shemeji ameketi kwenye kiti cha marehemu, na mtoto wa kiume wa pekee ameenda vitani kukidai. Analetwa nyumbani amelazwa juu ya mlango uliong'olewa. Nikanyoosha mkono darasani nikasema hii ni kesi ya shamba, tunazo nyingi kwa chifu. Mwalimu akasema si rahisi hivyo, mzee. Labda si rahisi. Basi malkia anatoka uani, anamwona mtoto, analia. Kilio chake kilijaza karatasi mbili. Mwalimu akasema maneno hayo hayakuandikwa kwa ajili ya macho, yaliandikwa kwa ajili ya masikio ya watu waliosimama uwanjani, na anayeyasoma kimya amekosa nusu. Alisema hivyo mara kadhaa, akatutazama. Jamaa wa Angurai akanigeukia akaninong'oneza, "Mzee, hiyo iko kwenye mtihani."

Nikambebea binti yangu zile karatasi na lile neno.

Ilikuwa juma lile la mtihani. Mtihani ulikuwa Ijumaa. Alizisoma karatasi kwa macho, akazishusha. Akasema hasikii kitu, na kifua chake hakina pumzi ya kuzisoma kwa sauti. "Nisomee wewe, Baba."

Ng'ombe walikuwa wanarudi. Nilisimama katikati ya chumba, yeye ananong'ona mstari, mimi naurudia kwa sauti.

"Juu, Baba. Huyu malkia amefiwa, hanunui mbuzi sokoni."

Nikapandisha.

"Bado. Unasoma kama karani wa forodha."

"Mama, mimi sijui kulia Kizungu."

"Basi lia Kisamia chetu. Maneno yatafuata."

Hapo ndipo nilipolia. Msomaji asiye wa kwetu lazima aelewe. Mwanamume mzima kwetu halii kwa sauti. Analia siku moja tu, siku ambayo mtu wa nyumba yake amekata roho, na sauti anayotoa ina mwendo wake, inapanda, inakatika, inashuka. Mimi nilikuwa nimeitoa mara moja katika maisha yangu, kwa mke wangu. Sasa nikaitoa na kuweka ndani yake yale maneno ya Kiingereza cha zamani ambayo nusu yake sikuyaelewa, na nakuambia yaliingia, yakakaa, kana kwamba yalikatwa kwa kipimo hicho. Binti yangu aliketi. Macho yaliwaka. "Ndiyo! Ndiyo, Baba! Tena!" Nikalia tena, na dirisha lilikuwa wazi.

Nje ya ua wangu alipita mama mzee, jirani yetu, na karai la mtama kichwani. Yeye alikuwepo nilipomlilia mke wangu. Hakusikia Kiingereza. Alisikia sauti. Karai likaanguka, na yeye akapiga nduru.

Nduru ya kifo haihitaji kuelezwa. Ya kwanza ikajibiwa kwenye nyumba ya pili, ya pili ikajibiwa ng'ambo ya kijito. Kabla sijakunja zile karatasi ua ulikuwa umejaa. Wanawake wanakuja wakikimbia, mikono kichwani, wengine wanajitupa chini. Vijana wakaanza kuvunja miti yangu ya kuwambia ngozi wapate kuni za matanga. Ndugu yangu mkubwa akaja kutoka sokoni, kofia mkononi.

Nikatoka mlangoni nikapaza sauti. "Nyamazeni! Hajafa! Yuko hai!"

Wakalia zaidi. Ndivyo wafiwa wanavyosema, kila mtu amewahi kuwasikia. Mtu anakataa, anasema amelala, anasema mwacheni ataamka. Ndugu yangu akawaambia vijana, "Mshikeni mzee, akili imeruka." Wawili wakanishika mikono.

"Niachieni, mbwa nyie! Mtoto yuko ndani ameketi!"

"Pole, Baba. Pole. Kaa chini, mzee."

"Sikai!"

"Mleteeni maji."

Na wakati wananishika, wale wanawake walikuwa wamefika chini ya dirisha, na huko wakaanza kumwambia marehemu maneno, kama desturi. Kwetu aliyekufa anaambiwa yote. Ulichomficha akiwa hai unakitoa siku hiyo, ili asiondoke na deni lako. Mama mzee wa karai alilia akisema afadhali mwanangu umepumzika, silimu imekutafuna mpaka mfupa, tulikuwa tunakuona dirishani na kugeuza uso. Ndiyo mara ya kwanza jina lile kutajwa ndani ya ua wangu.

Kisha akaja mwalimu mwenzake wa kule Funyula, mwanamke waliyekula naye sahani moja, alikuwa mjini siku hiyo. Huyu alishika nondo za dirisha, macho ameyafumba, akalia kwa kirefu.

"Dada yangu, umeniacha! Dada yangu, nisamehe sikukwambia! Darasa lako walimpa mwingine tangu muhula ufungwe! Meza yako tuliitoa nje tukaiosha kwa dawa! Mwalimu mkuu alisema huwezi kurudi, na mimi nikanyamaza, dada yangu, nikanyamaza!"

Wale vijana walikuwa bado wamenishika. Ndipo mlango ukafunguka nyuma yangu.

Alisimama pale, ameshika mwimo, nguo ya kulalia, miguu kama fito. Ua wote ukakatika sauti. Watoto wakakimbia, na watu wazima wengine pia. Aliyekuwa dirishani akafumbua macho akamwona, akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta wa choo.

Binti yangu alimwuliza polepole, kama vile tuko sisi tu, "Darasa langu amepewa nani?"

Akangoja. Kisha akageuka, akarudi ndani, akajilaza kuuangalia ukuta.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya wazee. Machozi yaliyomwagwa kwa mtu aliye hai kwetu hayarudi mikono mitupu. Huchinjwa kondoo, aliyeliliwa anapakwa taka za tumbo la kondoo kifuani, na havuki lango la nyumbani mpaka mwezi mwingine uandame. Akivuka, yale machozi yanamfuata njiani na kumchukua. Ndugu yangu mkubwa alinieleza haya kana kwamba mimi nilizaliwa Ulaya.

"Kaka, mtihani ni Ijumaa."

"Wa nani?"

"Wake."

"Wewe ndiye uliyelia. Nani alikutuma kulia?"

"Yalikuwa masomo."

"Masomo gani ya kumliza mtu mzima mwenye afya kama wewe? Hata hao Wazungu, waliwahi kuulizwa nani amekufa?"

Nikamwambia kondoo nitatoa, dume na jike akitaka. Lakini Ijumaa nitapita langoni na mtoto wangu nyuma ya baiskeli, na anayetaka kunizuia alale mbele ya gurudumu. Nilisema hivyo mbele ya wazee wote. Wakatema mate, wakaondoka. Nilimaanisha kila neno. Alhamisi nilitia mafuta mnyororo wa baiskeli, nikafunga kwenye kerya ya nyuma ngozi laini ya ndama niliyoikunja mara nne, ili mifupa isimuume.

Ijumaa asubuhi nilimpelekea uji. Hakugeuka.

"Mama, amka. Baiskeli iko tayari."

"Ya kwenda wapi?"

"Kwenye mtihani wako."

"Jina langu si lilishafutwa, Baba?"

"Hiyo ni shule ile. Dipuloma ni ya chuo. Hakuna aliyekufuta kule."

"Nitafundisha nani? Wanaosha meza."

Nikamwambia asisikilize wanawake wa kilio, walikuwa wamechanganyikiwa. Hapo ndipo aliponigeukia.

"Hawakuchanganyikiwa. Hukusikia vile yalivyotoka? Mstari baada ya mstari, hakuna aliyekwama. Kilio cha ghafla hakiwi hivyo. Walikuwa na maneno tayari, Baba. Walikuwa wameyaweka, wananingoja mimi tu."

Nilikaa kwenye kile kigoda mpaka uji ukapata utando. Nilitaka kumnyanyua kwa nguvu, hakuwa na uzito. Lakini mtihani si gunia, huwezi kumbeba mtu ukamfikisha kisha ukaandika kwa mkono wake.

Nilikwenda peke yangu. Walikuwa wameshaanza, wameinama wote, jamaa wa Angurai anatokwa jasho. Mwalimu wa chuo alitoka nje akanikuta kando ya bomba la maji. Nikamwambia hatakuja. Akasimama, akaangalia viatu vyake, akasema labda Agosti ijayo.

"Mwalimu," nikamwambia, "wewe umesoma. Usiseme maneno kama hayo."

Akaniomba radhi. Hakuwa mtu mbaya. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nasukuma baiskeli, sijui kwa nini sikuipanda.

Tangu siku hiyo hakuuliza kitu. Nilijaribu kuzungumza naye habari za malkia, za karanga, za mvulana mwenye gauni. Alisema, "Inatosha, Baba," kwa upole, kama unavyomwambia mgeni anayetaka kukuongezea chakula. Mwezi mwingine uliandama, akawa huru kuvuka lango. Hakulivuka. Hata dirishani aliniomba nitundike shuka.

Wako watu mpaka leo wanaosema ni mimi niliyemwita kifo kwa mdomo wangu. Wanasema kwa siri kwa sababu mbele yangu hawawezi. Nami nasema wazi hapa: kifo kilikuwa njiani tangu zamani, hakikuhitaji kuitwa. Mtu wa darasa la tatu nilimsomea mtoto wangu alichoniomba nimsomee, na nilikisoma vizuri. Yeye mwenyewe alisema ndiyo. Kilichomwua kabla ya siku yake si sauti yangu, ni yale waliyokuwa wameyatayarisha wengine.

Alikata roho wakati wa kuvuna maharagwe, mchana, nimemshika mkono. Nikatoka uani nikalia. Safari hii sikuwa na karatasi.

Nilisikia kimya. Kisha nikasikia mama mzee wa jirani, nyuma ya ua, anamwuliza mtu, "Ni kifo au ni masomo?" Ndugu yangu akaja, akaingia ndani, akatoka, akaenda kuwaambia nyumba kwa nyumba. Wengine walikuja wakasimama langoni mikono nyuma. Wengine walisema machozi ya mtu mmoja hayamwagwi mara mbili, na ya huyu walikuwa wameshayamwaga, na kondoo ameliwa. Yule wa Funyula hakuonekana. Wanawake wa ukoo walipika ugali wa watu wengi kama inavyotakiwa, ukabaki, ukapoa, tukawapa mbwa.

Siku ya kuzika vijana wa kubeba jeneza hawakutimia. Tulingoja mpaka jua likapinda. Padri akaniangalia, ndugu yangu akaniangalia. Kwetu mzazi habebi mtoto wake kwenda kaburini, ni mwiko. Nikavua koti, nikashika pembe ya nyuma iliyokosa mtu, nikawaambia nyanyueni.